Mwanamke Harithiwi, Bali Hurithi

Somo letu ni aya ya 19 ya Surat An-Nisaa. Humo Mwenyezi Mungu awaharamishia walioamini kuwarithi wanawake kwa nguvu, na kuwazuilia ili wawanyang'anye walichowapa.

Amesimulia Ibn Abbas (r.a.), na Bukhari ameipokea, kwamba zamani za ujahili mtu alipokufa jamaa zake walikuwa na haki juu ya mkewe kuliko watu wa mke mwenyewe. Akitaka mmoja wao humwoa, wakitaka humwoza, wakitaka humzuilia asiolewe kabisa. Ndipo ikateremka aya.

Ndugu zetu wa Homa Bay na Migori hawahitaji tafsiri ndefu ya maneno haya. Katika mila ya Wajaluo mjane huitwa chi liel, yaani mke wa kaburi, na jamaa wa marehemu humchukua kwa ada iitwayo tero. Tusiwadhulumu wenye mila: walikusudia mjane na mayatima wasitupwe. Lakini kutunzwa usikoweza kukukataa ni kutunzwa gani? Qur'ani haikumkataza shemeji kumwoa mjane, imekataza kumlazimisha. Eda yake ni miezi minne na siku kumi (Al-Baqara, 234). Ikisha, shauri ni lake. Sheria ya Kenya nayo, tangu 2015, yahesabu kumrithi mjane kwa nguvu kuwa ni ujeuri wa nyumbani.

Sisi watu wa pwani twasema, "Hayo ni ya bara." Je, aya ya 7 ya sura iyo hiyo, iliyompa mwanamke fungu katika mali iliyoachwa, iwe chache au nyingi, twaitimiza? Mara ngapi nyumba ya baba hukaliwa na ndugu wanaume miaka na miaka haikugawanywa, na dada akiuliziwa husemwa kuwa "amesamehe"? Amesamehe lini, na mbele ya nani? Asiyeonyeshwa fungu lake atasamehe nini? Wako wepesi wa kutukumbusha kuwa fungu la mwanamume ni mfano wa mafungu ya wanawake wawili. Na hilo moja lenyewe hawajampa! Mlango wa Kadhi u wazi, lakini dada huona haya kuitwa mshitaki wa nduguze.

Muislamu wa Migori tumwambiaye aache tero aweza kutuuliza habari za dada zetu.

Darsa ijayo, inshallah, tutasoma aya ya 11. Mwenye nyumba ya urithi isiyogawanywa na aje na majina ya warithi wote, wanaume na wanawake.