Safari ya Siku Moja Kwenda Mji Mkuu wa Kale

Katika shule moja ya Iringa wanafunzi wa darasa la sita walikuwa wakisoma habari za miji mikuu ya Ulaya. Kitabu chao kilieleza jinsi wageni waendavyo Roma kutazama uwanja mkubwa wa michezo uliofunguliwa mwaka 80 baada ya Kristo, ambao kuta zake zingali zimesimama. Na jinsi waendavyo London kuiona ngome ya mawe iitwayo Tower, ambayo Mfalme William wa Kwanza alianza kuijenga zaidi ya miaka 900 iliyopita. Tena kilifundisha ya kuwa mtu mwenye siku chache tu katika mji wa namna hiyo hana budi kufanya shauri kwanza, achague atakayoyaona na atakayoyaacha, la sivyo siku zake zitakwisha njiani.

Msichana mmoja akasimama akauliza, "Mwalimu, sisi hatuna nauli ya kwenda Roma. Je, katika nchi hii hapakuwa na mji mkuu wa kale uwezao kuonwa kwa siku moja?"

Mwalimu akatabasamu, akaenda dirishani, akaonyesha kwa mkono upande wa magharibi. "Uko kilomita 15 kutoka hapa," akasema. "Ni Kalenga. Lakini jihadharini, maana Kalenga ni vigumu kuiona kuliko Roma."

Wanafunzi wakashangaa. Wengi wao walikuwa wamepita Kalenga mara nyingi. Walikuwa wameona mto, na mashamba, na nyumba, na watoto wa shule wakirudi kwao, ngome hawakuiona. Mmoja akasema waziwazi ya kuwa hapana kitu pale. Mwalimu hakumkemea, kwa kuwa neno lile lilikuwa na kweli ndani yake. Atakayekwenda Roma bila kujua lolote ataona angalau mawe makubwa, atastaajabu. Atakayekwenda Kalenga bila kujua lolote ataona kijiji, atageuka kurudi. Kwa sababu hiyo shauri la safari ya Kalenga huanza masikioni kabla ya kuanza miguuni.

Basi mwalimu akawaeleza. Mkwawa, mwana wa Munyigumba, alikuwa mtawala wa Wahehe. Babaye ndiye aliyeziunganisha koo nyingi ziwe nchi moja, akafa mwaka 1879. Mkwawa akajenga boma kubwa lenye kuta nene karibu na Mto Ruaha Mdogo, likaitwa Lipuli. Humo alikaa yeye na watu wake, na humo ziliwekwa silaha na pembe za ndovu. Katika Kihehe neno lilinga maana yake ni boma, na kwa neno hilo, kama wasemavyo watu, limepatikana jina la Iringa. Zamani hizo Iringa ilikuwa palepale Kalenga. Mji wa Iringa wa leo ulianzishwa na Wajerumani mwaka 1896, baada ya kuuvunja ule wa kwanza. Wakalichukua jina wakapanda nalo mlimani. Hata leo mtu asemaye "nimezaliwa Iringa" hutaja boma ambalo hajaliona kwa macho.

Siku ya pili yake mwalimu akawaambia kila mmoja aseme mahali anapotaka pawekwe katika safari. Ubao ukajaa upesi. Mmoja alitaka Gangilonga, ule mwamba ulio juu ya mji, ambao jina lake ni jiwe lisemalo. Mwingine alitaka jengo la boma la Wajerumani lililo mjini, ambalo tangu mwaka 2016 limekuwa jumba la makumbusho. Wavulana watatu walishikilia Isimila, kwenye njia ya Mbeya, penye nguzo za udongo zilizochongwa na maji, na zana za mawe za watu wa kale sana. Wengine wakataja Lugalo, wengine Mlambalasi, na mmoja akataka apewe saa moja sokoni. Mwalimu akahesabu saa, akaona ya kuwa safari ile ingetaka siku tatu na fedha ambazo shule haikuwa nazo.

Ndipo alipochora ubaoni mstari mmoja kutoka mashariki kwenda magharibi, akatia alama tatu.

Alama ya kwanza, upande wa mashariki, kando ya njia kuu iendayo Morogoro na Dar es Salaam, ilikuwa Lugalo. Hapo tarehe 17 Agosti 1891 majeshi ya Wahehe yalivizia safu ndefu ya askari wa Wajerumani, yakawashambulia ghafula kwa mikuki. Jemadari wao, Emil von Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo, aliuawa pamoja na sehemu kubwa ya jeshi lake. Bunduki nyingi na mizinga ikaangukia mikononi mwa Wahehe. Baadaye Wajerumani walijenga hapo ukumbusho wa watu wao. Wahehe nao walikufa siku ile, na mwalimu akataka wanafunzi wautazame ukumbusho ule wakijua hivyo.

Alama ya pili ilikuwa Kalenga yenyewe. Mwisho wa Oktoba 1894 Wajerumani walirudi, wakiongozwa na Gavana Friedrich von Schele, pamoja nao afisa Tom von Prince. Safari hii walikuja na mizinga. Wenyeji husema ya kuwa ilipigwa kutoka kilima cha Tosamaganga, na kwamba jina hilo lenyewe lina maana ya kurusha mawe. Tarehe 30 Oktoba boma likaingiliwa, likavunjwa. Mkwawa hakushikwa. Aliingia msituni akapigana kwa kuvizia muda wa miaka karibu minne, ingawa kichwa chake kilikuwa kimetangaziwa zawadi ya rupia 5,000.

Alama ya tatu ilikuwa Mlambalasi, kilomita kama 50 kutoka Iringa, mbele ya Kalenga. Hapo tarehe 19 Julai 1898, akiwa mgonjwa na adui wakiwa karibu, Mkwawa alijipiga risasi asishikwe hai.

Mvulana mmoja mtulivu, ambaye si desturi yake kunena darasani, akainua mkono. "Mwalimu," akasema, "njia inakwenda kama miaka ilivyokwenda. Mtu akitoka Lugalo asubuhi akaenda magharibi, atafika 1891, kisha 1894, kisha 1898."

Darasa likanyamaza kidogo. Kisha hata wale wavulana wa Isimila wakakubali ya kuwa shauri limekwisha kupatikana. Isimila ni mahali pazuri, na aliyepaona hapasahau. Lakini habari yake ni nyingine, na njia yake ni nyingine. Ikaachwa kwa mwaka mwingine. Gangilonga na jumba la mjini yakaondolewa kwa kuwa yafikiwa kwa miguu alasiri yoyote. Soko likafutwa bila kujadiliwa.

Lakini palibaki ugomvi mmoja. Wengine walisema Mlambalasi pia paachwe: ni mbali, jua litakuwa kali, na watakuwa wamechoka. Hoja hii ilielekea kushinda, mpaka yule msichana wa kwanza aliposimama tena. "Mwalimu ametuambia ya kuwa kichwa chake kipo Kalenga katika jumba la ukumbusho," akasema, "na kiwiliwili chake kilizikwa Mlambalasi. Tukienda Kalenga tu, tutakuwa tumemtembelea nusu."

Hapana aliyemjibu. Mlambalasi ikabaki katika orodha, na saa ya kuondoka ikarudishwa nyuma hadi saa 12 asubuhi.

Habari ya kichwa kile ilihitaji somo zima. Mkwawa alipokufa Wajerumani walikikata kichwa chake, na fuvu likapelekwa Ujerumani. Vita vya kwanza vya dunia vilipokwisha, mataifa yalitia sahihi mkataba huko Versailles, karibu na Paris, tarehe 28 Juni 1919. Katika mkataba ule mrefu, wenye mambo ya mipaka na malipo na merikebu, kifungu cha 246 kiliwaagiza Wajerumani walikabidhi fuvu la Sultani Mkwawa kwa serikali ya Uingereza kwa muda wa miezi sita. Miezi sita ikapita, ikapita miaka. Mwaka 1953 Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda mwenyewe katika jumba la makumbusho la Bremen, penye mafuvu mengi sana. Yakatengwa yale yaliyotoka Afrika ya Mashariki, yakapimwa, vipimo vikalinganishwa na vya jamaa za Mkwawa, na moja lililokuwa na tundu la risasi likachaguliwa. Tarehe 19 Juni 1954 fuvu hilo lilikabidhiwa kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa marehemu, palepale Kalenga. Chifu huyo baadaye alikuwa Spika wa Bunge kwa miaka mingi.

"Je, ni lake kweli?" wakauliza wengi kwa pamoja.

Mwalimu akawaambia ya kuwa wako wataalamu wenye mashaka, kwa kuwa kipimo cha kichwa hakimtambulishi mtu kama jina limtambulishavyo. Walakini Wahehe walilipokea, wakalipa heshima yake. Mgeni afikaye mbele yake yapasa ayajue yote mawili.

Kwa sababu ya jambo hili wakamwalika mzee mmoja jirani wa shule. Alipoingia wote wakasimama wakamwamkia, "Kamwene!" naye akaitika vivyo hivyo, akaketi kwenye kiti cha mwalimu. Wakamwuliza inavyofaa kusimama mbele ya fuvu. Mzee akafikiri kitambo.

"Wajukuu wangu," akasema, "mkienda msibani hufanyaje? Mwavua kofia, mwanyamaza, hamnyoshi vidole. Basi fanyeni hivyo hivyo. Na atakayeogopa asisukumwe. Akae nje chini ya mti, si aibu. Marehemu alikaa kule ugenini zaidi ya miaka 50 akitazamwa na watu wasiomjua. Ninyi msimtazame kama wao."

Mwalimu akaandika neno la mwisho katika daftari lake. Ikaamriwa ya kuwa kila mwanafunzi atachagua mwenyewe kuingia au kutoingia, na kwamba hapana atakayepiga picha bila ruhusa ya mlinzi wa jumba.

Kazi zilizosalia zilikuwa nyepesi. Siku ikachaguliwa Jumamosi iliyo karibu na tarehe 19 Juni, kwa kuwa mvua huwa zimekwisha na barabara ni kavu. Ingawa mwezi huo nyanda za Iringa zina baridi kali alfajiri, na kila mtu aliagizwa kuja na sweta. Barua ikaandikwa Kalenga kuuliza kiingilio cha wanafunzi. Nyingine zikapelekwa kwa wazazi. Wasichana wawili wakahesabu mikate, mayai na maji ya kunywa, wakagundua ya kuwa mwalimu alisahau kumhesabu dereva.

Tena kila mmoja alipewa kuandaa swali moja la kwenda nalo, maana asiye na swali hupita mbele ya vitu vyote kwa mwendo mmoja. Maswali mengine yalikuwa ya kitoto, mengine yalimtoa mwalimu jasho. Mmoja aliandika: Ukuta uliomlinda Mkwawa na jirani zake mbona haukumlinda na Wajerumani? Hilo mwalimu alilijibu palepale. Ukuta huzuia mkuki, na huzuia risasi, mzinga hauzuii. Si Kalenga peke yake iliyoonja hayo. Constantinople, mji mkuu wa Warumi wa mashariki, ulilindwa na kuta zake kwa muda wa miaka elfu, lakini mwaka 1453 Waturuki walileta mizinga mikubwa, na mji ukatwaliwa.

Mwisho mpango wote uliandikwa kwenye karatasi moja, ukabandikwa mlangoni. Saa 12 asubuhi, kuondoka shuleni. Saa 1 hadi saa 2, Lugalo. Saa 4 hadi saa 7, Kalenga: kwanza mto na mahali palipokuwa boma, kisha jumba la ukumbusho, kisha chakula kivulini. Saa 8 na nusu, Mlambalasi. Saa 12 jioni, nyumbani. Mwandishi wa karatasi hiyo alikuwa mmoja wa wale wavulana wa Isimila, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, aliandika: Mwaka ujao, Isimila.

Jioni ile yule mzee alipita mlangoni akasomewa mpango. Akauliza gari lina nafasi ngapi. Wakamwambia ya kuwa limejaa, watu 40, pamoja na dereva aliyesahauliwa.

"Kalenga nimekwenda mara nyingi," akasema mzee, "lakini Mlambalasi sijafika. Kila mwaka nilisema nitakwenda."

Wanafunzi wakatazamana. Kisha mmoja akachukua kalamu, akafuta 40, akaandika 41, na pembeni akaandika: kiti cha mbele.