Kanuni za Mjadala wa Wazi: Somo kutoka kwa Waandaaji wa Viwango vya Intaneti

Simu ya kampuni moja huwasiliana na kompyuta ya kampuni nyingine kwa sababu zote mbili hufuata kanuni zilizokubaliwa. Kanuni hizo huitwa viwango. Anayeviandika ana nguvu kubwa: akiviandika mlango ukiwa umefungwa, anaweza kuvipindisha vifae kampuni yake tu. Tuone basi jinsi mjadala wa viwango unavyowekwa wazi.

Chimbuko

Tarehe 7 Aprili 1969, Steve Crocker, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alitoa waraka wa kwanza kuhusu mtandao mpya wa kompyuta. Waraka huo uliitwa ombi la maoni, usionekane kuwa amri. Mwaka 1986 kilianza kikundi cha IETF, ambacho hadi leo huandaa viwango vya intaneti. Mkutano wake wa kwanza ulikuwa na watu 21. Hakina kadi za uanachama, wala hakipigi kura kuamua viwango.

Misingi mitano

1. Hati ya kazi. Kwanza huandikwa kazi ni ipi na mipaka yake ni ipi. Bila hati, kila mtu huja na lake.

2. Mlango wazi. Yeyote mwenye barua pepe hujiunga na mjadala bila ada. Husema kwa nafsi yake, si kama mjumbe wa kampuni.

3. Kumbukumbu. Barua zote za mjadala huhifadhiwa mahali ambapo kila mtu anaweza kuzisoma. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na hoja ni vivyo hivyo.

4. Uthibitisho wa maandishi. Mkutano wa ana kwa ana unadai nauli na viza. Kwa hiyo yaliyokubaliwa ukumbini hurudishwa kwenye mjadala wa barua pepe, ili wasiokuwapo nao wayapime.

5. Nidhamu. Uwazi si fujo. Kwa utaratibu wa mwaka 2004, aliyevuruga mjadala alionywa kwanza. Asipoacha, mwenyekiti aliweza kumzuia kuandika kwa muda usiozidi siku 30. Anayeona ameonewa ana haki ya kukata rufaa.

Je, wengi wape?

Tumezoea kusema wengi wape. Waraka wa Pete Resnick wa mwaka 2014 unaeleza njia nyingine: watu 100 wakikubali na 5 wakapinga, huenda bado hakuna makubaliano, ikiwa hoja ya hao watano haijajibiwa. Sababu ziko wazi. Kampuni tajiri inaweza kuleta wafanyakazi mia moja, lakini kasoro ya kitaalamu haiondoki kwa wingi wa mikono. Hata hivyo, mpinzani hana uwezo wa kuzuia kazi milele. Hoja yake ikishapimwa kwa haki na kujibiwa, kazi huendelea hata kama yeye hakuridhika.

Maswali ya kujadili

1. Katika kamati yenu, asiyeweza kufika mkutanoni hushirikishwaje kabla uamuzi haujawa wa mwisho?
2. Je, kumbukumbu za vikao vyenu huonyesha sababu za uamuzi, au uamuzi pekee?
3. Mtu mmoja akipinga, mnajibu hoja yake au mnahesabu mikono?