Usilale na Utamu Mdomoni

Wengi wetu Likoni, Kisauni na Changamwe hupiga mswaki alfajiri, kabla hata ya chai, na meno yakasahauliwa mpaka kesho yake. Kutwa hupita mahamri, soda, kahawa na kashata barazani, na baada ya chakula cha usiku, chai nyingine. Kisha mtu analala. Usingizini mate hupungua, na mate ndiyo kinga ya jino dhidi ya asidi. Kwa hivyo kama nyumba yako itabadilisha jambo moja tu, libadilishwe la usiku: mswaki uwe wa mwisho, na baada yake maji matupu pekee.

Maji ya dumu yananunuliwa, twajua. Nusu kikombe yatosha. Sugua kwa dakika mbili, nje, ndani na juu ya magego, tema povu, wala usisukutue sana. Dawa iwe yenye floraidi; ikibaki mdomoni huendelea kuimarisha jino. Mtoto aanze jino la kwanza linapochomoza: dawa kiasi cha punje ya mchele hadi atimize miaka 3, kisha kiasi cha mbaazi moja. Mpaka miaka 7 hivi, mkono wa mzazi uwepo.

Utamu wa mara kwa mara

Vijidudu vya mdomoni hula sukari na kutoa asidi inayolainisha jino. Mate yakipewa muda hulirekebisha. Ukionja kila baada ya dakika chache, muda huo haupatikani. Ndiyo maana mabuyu yanayomung'unywa kuanzia feri mpaka Mtongwe huumiza meno kuliko kipande cha halua kilicholiwa mara moja: sukari yang'ang'ania, na ubuyu wenyewe una ukali. Hatusemi watoto wanyimwe mabuyu, nani ataweza? Wapewe baada ya chakula, wamalize, wanywe maji. Kaunti ya Mombasa ilipopiga marufuku muguka, aina ya miraa, Mei 2024, watu walibishana juu ya ulevi na biashara. Sisi tunaongeza la meno: chingamu ya sukari na soda zinazoandamana na muguka jioni nzima.

Damu kwenye ufizi

Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa wa mwaka 2015 ulikuta watu wazima 98 kati ya kila 100 wana ufizi unaotoa damu. Ndiyo maana tumeizoea. Damu hiyo hutokana na ukoga uliokaa mpakani mwa jino na ufizi, na wengi wakiiona huacha kusugua mahali hapo, jambo linalozidisha ugonjwa. Sugua papo hapo, taratibu, kwa mswaki laini. Isipopungua baada ya wiki mbili, uonwe na daktari wa meno. Mwenye kisukari asingoje hata hizo.

Mswaki wa mti unaouzwa nje ya misikiti ni mzuri ncha ikitafunwa hadi ikawa nyuzi, ila hufika kwa shida nyuma ya magego na hauna floraidi ya kutosha. Utumie mchana, usiku chukua wa dukani. Mwezi wa Ramadhani, piga mswaki baada ya daku kabla ya adhana, na tena kabla ya kulala.

Tambuu yenye popoo na tumbaku ni jambo zito zaidi, kwani huleta saratani ya kinywa. Kidonda au doa jeupe lisiloisha kwa wiki mbili lipelekwe hospitali, hata kama haliumi.

Karafuu hutuliza jino lililotoboka, haizibi tundu. Aspirini ikiwekwa juu ya ufizi huuchoma. Tundu dogo huzibwa. Likiachwa, jino hung'olewa. Anzia kituo cha afya cha karibu, na wakikuelekeza hospitali ya Coast General, vuka uende. Uso ukivimba pamoja na homa, au mate yakawa magumu kumeza, nenda siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.