Dondoo muhimu: Kabla ya kubandika karatasi ukutani

Karatasi ya urembo ikibanduka, lawama huenda kwa gundi. Mara nyingi kosa ni la ukuta.

1. Papasa ukuta kwanza. Ukiwa na unyevunyevu au chumvi inayotoka kwenye plasta, tibu chanzo. Karatasi itaficha ukungu kwa muda tu.
2. Chokaa inayoacha unga mkononi ikwanguliwe. Rangi ya mafuta ipigwe msasa.
3. Pwani, chagua aina ya vinaili inayofutika kwa kitambaa.
4. Roli la kawaida lina upana wa sentimita 53 na urefu wa mita 10. Kwa ukuta wa kimo cha mita 2.7 hutoa vipande vitatu, si vinne. Maua makubwa hula zaidi, kwa kuwa lazima yaoanishwe.
5. Nunua maroli yote pamoja, yenye namba moja ya toleo, kwa kuwa rangi hupishana kati ya matoleo.
6. Picha kubwa? Pima kwanza sofa litakapokaa, lisije likamfunika twiga wa pichani ukabaki na masikio yake tu.
7. Ukuta mmoja unatosha. Picha ya msitu kwenye kuta zote nne hukinaisha haraka.
8. Umepanga? Muulize mwenye nyumba kwanza.