Unyanyasaji Mitandaoni: Ni Nani Atiaye Kuni?

Mzazi wa Maretadu, wilayani Mbulu, anapomsindikiza mwanawe aendaye chuo kikuu Dodoma au Dar es Salaam, humwusia ajihadhari na ulevi na marafiki wabaya. Ni wasia mwema. Lakini siku hizi iko hatari nyingine ambayo kijana huichukua mfukoni mwake, nayo ni simu. Humo hupitishwa matusi, uzushi na picha za aibu. Na anayeteswa hana pa kukimbilia, kwani hata akirudi nyumbani likizo mateso humfuata.

Basi yafaa tujiulize: kijana aliyelelewa kwa adabu hugeukaje kuwa mtesi wa mwenziwe?

Sababu ya kwanza ni kutoonana uso kwa uso. Kijijini, amtukanaye jirani huyaona machozi yake, na wazee humwita ajieleze. Mtandaoni machozi hayaonekani, na mtu aweza kujificha nyuma ya jina la uongo.

Ya pili ni kisasi. Mapenzi yakivunjika, au ukizuka ugomvi wa deni au wa uchaguzi wa wanafunzi, picha iliyotolewa kwa kuaminiana hufanywa silaha. Tena wako walioteswa jana, nao leo huwatesa wengine.

Ya tatu, nayo ndiyo kubwa, ni watazamaji. Katika kundi la darasa la WhatsApp mmoja hutukana, kumi hucheka, na waliobaki hunyamaza. Mtesi huuhesabu ukimya huo kuwa ni idhini.

Sheria haikunyamaza. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinakataza kumpelekea mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumtia uchungu wa moyo. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Lakini hukumu huja baada ya jeraha, na huenda aliyejeruhiwa amekwisha kuacha masomo.

Kwa hiyo, mwanafunzi anayeteswa asifute ujumbe ule, bali auhifadhi uwe ushahidi, kisha awaeleze wazazi, mshauri wa wanafunzi na polisi. Nawe uletewapo aibu ya mwenzio, usicheke wala usiipeleke mbele. Mwandikie aliyeonewa neno moja la kumfariji. Moto usiotiwa kuni hauchukui muda kuzimika.