Dondoo muhimu: Kutafuta mabati ya injini ya Beetle

Injini ya Volkswagen Beetle ya zamani haina rejeta. Mabati yanayoizunguka ndiyo huongoza upepo wa feni, na kwenye joto la mchana la Makole, Dodoma, yakipungua silinda huungua.

1. Soma namba ya injini chini ya kiti cha dinamo kabla ya kununua: mabati ya silinda ya 1200 ni tofauti na ya 1300, 1500 na 1600.
2. Chungulia kwa chini, kati ya silinda. Vibati vya kugeuzia upepo ndivyo vinavyopotea zaidi, maana fundi akivisahau gari huwaka na kutembea vilevile, huku upande wa chini wa silinda ukikosa upepo.
3. Piga picha, chora kiolezo cha karatasi ngumu, uliza gereji za zamani na wauza vyuma chakavu, kisha Gerezani, Dar es Salaam.
4. Ukipata injini mbovu, inunue na mabati yake yote.
5. Usikubali bati la paa. Ni jembamba, hutetemeka na kupasuka. Fundi bati akate shiti ya milimita moja.
6. Kagua raba za waya za plagi na ya ukingo wa chumba cha injini. Zikikosekana, hewa moto hurudi kwenye feni.
7. Safisha vumbi na oili kwenye mapezi ya silinda kabla ya kufunga.

Usianze safari ya Morogoro wala Singida hadi kila bati liwe mahali pake.