SOMO LETU: UZITO WA MZIGO UKAE WAPI JUU YA BAISKELI?



Ile baiskeli nyeusi ya chuma, ambayo wengi wetu huiita Black Mamba, ni mfanyakazi wa kijiji. Miaka ya 1960 kule Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, watu walianza kubeba abiria kwenye keria, na jina "boda boda" likazaliwa huko. Siku hizi pikipiki zimechukua abiria wengi, lakini maji, maziwa, makaa na mahindi bado yanabebwa kwa baiskeli.

Mtu akianguka na mzigo, huwa tunasema, "Alibeba mwingi mno." Pengine ni kweli. Lakini siku moja mimi nilianguka na mitungi mitatu ya maji, na jirani yangu akapanda njia ile ile na mitungi minne akafika salama. Nilirudi nyumbani na goti linatoka damu na mtungi umepasuka. Tofauti ilikuwa nini? Mimi niliipanga yote juu ya keria, mmoja ukining'inia nyuma kabisa. Yeye alifunga miwili upande huu na miwili upande ule, chini, karibu na ekseli. Basi tujifunze kwa nini.

1. Mbele na nyuma

Mnajua jinsi mtaimbo unavyoinua jiwe kubwa. Ukikandamiza upande mmoja, upande wa pili unainuka. Baiskeli nayo ni hivyo. Ekseli ya nyuma ndiyo egemeo. Mzigo ukikaa nyuma ya ekseli hiyo, unainua gurudumu la mbele.

Tupige hesabu. Tuseme mzigo ni kilo 60, na kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni sentimita 120.

- Katikati ya mzigo ikiwa juu ya ekseli ya nyuma: gurudumu la nyuma linabeba kilo zote 60.
- Ikiwa sentimita 30 nyuma ya ekseli: 60 mara 30, gawanya kwa 120, ni 15. Gurudumu la mbele linapunguziwa kilo 15, na la nyuma linabeba 75.
- Ikiwa sentimita 10 mbele ya ekseli: la mbele linaongezewa kilo 5, na la nyuma linabeba 55.

Mzigo ni ule ule! Lakini gurudumu la mbele likiwa jepesi, usukani unayumba, breki ya mbele haishiki vizuri, na kwenye mlima baiskeli inataka kusimama kama mbuzi anayetafuta majani. Kwa hivyo sukuma mzigo mbele kadiri unavyoweza, mradi visigino visigonge mitungi unapokanyaga pedali.

2. Chini na juu

Mzigo mrefu unaweza kukudanganya. Baiskeli ikienda vizuri huoni shida. Shida huja unapoanza safari, unapokwenda polepole na unaposimama. Hapo mzigo ulio juu ukiinama kidogo tu, mikono haiwezi kuuzuia. Pia ukifunga breki ghafla, mzigo wa juu hukusukuma mbele zaidi kuliko wa chini. Weka vizito chini, vyepesi juu.

3. Kushoto na kulia

Pande mbili ziwe sawa. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hivyo mtungi wa lita 20 ni kilo 20 na zaidi kidogo. Ukiufunga upande mmoja peke yake utaendesha ukiwa umepinda njia nzima. Mtungi ukiwa mmoja, ulaze katikati ya keria, au gawanya maji katika vyombo viwili vya lita 10. Na mtungi uliojaa nusu ni hatari: maji yanacheza ndani, na ukipiga kona yanakusukuma. Afadhali chombo kidogo kilichojaa.

4. Kufunga

Mzigo unaosogea ni mzigo usio na mahali. Kata tyubu kuukuu iwe kamba, vuta, kaza. Halafu shika mzigo uutikise. Baiskeli ikitikisika pamoja nao, ni sawa. Mzigo ukitikisika peke yake, funga tena. Hakikisha hakuna kamba inayoning'inia karibu na spoku.

JARIBIO LA KIKUNDI

Leteni baiskeli moja na mitungi miwili iliyojaa. Wawili washikilie baiskeli wima. Fungeni mitungi nyuma kabisa ya keria. Kila mmoja ainue gurudumu la mbele kwa kushika usukani. Sasa fungeni mitungi ile ile pembeni, chini, karibu na ekseli, muinue tena. Mikono yenu itawaambia tofauti kuliko maneno yangu.

TAHADHARI

Kuupanga mzigo vizuri hakuongezi nguvu ya breki. Wewe na baiskeli mkiwa kilo 80, ukaongeza mzigo wa kilo 80, breki zile zile zinahitaji kama umbali mara mbili kusimamisha. Rimu zikilowa, umbali unazidi. Kwenye mteremko mkali, shuka utembee na baiskeli. Si aibu. Na mtoto asikalishwe juu ya mzigo hata mara moja.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kijiji chetu ni mahali gani watu huanguka na mizigo? Je, ni mlimani, kwenye kona au wanaposimama?
2. Gunia la mahindi la kilo 90 haligawanyiki pembeni. Tutalilazaje? Au tulipunguze tuende safari mbili?
3. Nani katika kikundi anaweza kuwafundisha vijana kufunga mzigo, na ataanza lini?

Safari mbili ni jasho. Lakini mguu uliovunjika ni msimu mzima bila jembe.